Kazi za kuandika: nipo Mbeya, natafuta wateja wanaolipa kabla ya tarehe 5 Julai

Mwalimu wa Nzovwe — 11 Juni, saa 4:10 usiku

Wakuu, habari za majukumu. Wakubwa shikamooni.

Nipo Mbeya mjini, Nzovwe. Nilikuwa nafundisha Kiswahili na Kiingereza kwenye shule moja ya binafsi, mkataba ukaisha Desemba na haukuongezwa. Tangu Januari najaribu kuishi kwa kuandika. Kiswahili changu kizuri, Kiingereza si haba, na nina laptop ya mtumba ambayo betri yake ilishakufa, kwa hiyo umeme ukikatika na mimi nimekatika.

Kodi ya chumba ni 45,000 kwa mwezi na mama mwenye nyumba anachukua ya miezi sita kwa mpigo. Hiyo ni 270,000, mwisho tarehe 5 Julai. Mfukoni nina 38,000.

Nieleze nilichofanya, nisije nikaambiwa nimekaa tu. Februari hadi Aprili niliandikia blogu moja ya Dar makala 60, kila moja 3,000. Jumla 180,000. Sijaona hata mia. Jamaa anasoma meseji, tiki za bluu naziona, anauchuna. Mwezi wa tano nikafungua akaunti Upwork, ule mtandao wa kutafuta kazi za nje, nikanunua zile Connects za kuombea kazi, nikaomba kazi 14. Akajibu mmoja, akataka makala ya majaribio ya maneno 1,500, bure. Nikaandika usiku kucha. Hakurudi. Facebook nikaweka tangazo, "Natoa huduma za uandishi wa aina zote kwa bei nafuu". Nikapata like 31, nyingi za wanafunzi wangu wa zamani, na dada mmoja aliyeuliza kama naweza kumwandikia barua ya kumrudisha mume wake. Nilimwandikia, kurasa mbili. Akanitumia vocha ya 2,000. Mpaka leo hayo ndiyo malipo pekee kutoka kwa mteja niliyempata mwenyewe.

Swali langu: kuna mtu humu anayekula kwa kuandika akiwa huku nyanda za juu, siyo Dar? Wateja wanaolipa unawatoa wapi, tena haraka? Naomba tu nisiambiwe nijenge jina taratibu. Jina nitalijenga nikiwa ndani ya chumba.

---

Mtoto wa Sokomatola — 11 Juni, saa 4:32 usiku

Mkuu, mimi nina cheti cha uandishi wa habari na naendesha bajaji Kabwe. Ukitaka nikuunganishe na tajiri mwenye bajaji, sema.

Halafu hujamalizia. Mume alirudi?

---

Kamwene — 11 Juni, saa 5:05 usiku

Kamwene, ndugu yangu. Nipo Iringa, mwaka wa tano natafsiri Kiingereza kwenda Kiswahili, na wateja wangu karibu wote ni wa nje. Kwa hiyo nakuambia kama mtu anayekula hukohuko: kodi ya tarehe 5 usiitafute huko.

Hesabu siku tu, achana na ushindani. Fiverr, mtandao mwingine kama Upwork, wanakata asilimia 20, na ukiwa mgeni pesa inakaa siku 14 baada ya kazi kukamilika ndipo uiguse. Upwork, kwa kazi ya bei ya mkupuo, mteja ana siku 14 za kukagua kabla mfumo haujaiachia pesa wenyewe, kisha kuna siku 5 nyingine za kusubiri. Tuseme umepata kazi usiku huu na keshokutwa umeikabidhi. Ukiangukia mteja mvivu wa kubonyeza kitufe, hiyo ni tarehe 2 Julai, na bado hujaihamishia benki. Kampuni za tafsiri ndiyo usiseme, nyingi hulipa siku 30 hadi 60 tangu upeleke ankara. Na Connects moja ni senti 15 za dola, kazi moja inaweza kumeza kumi na kuendelea. Kwa 38,000 yako utaomba kazi chache, kisha ulale njaa.

Akaunti usiifunge. Fungua na Payoneer, ya kupokelea pesa za nje, sasa hivi, maana uthibitisho una siku zake. Mtu akikuambia atakulipa kwa PayPal, kumbuka akaunti ya Tanzania inalipa vizuri tu, kupokea ndiyo mtihani. Na majaribio ya bure yasizidi aya moja. Anayejua kusoma anakujua kwa aya moja.

Mimi kazi ya kwanza ya nje niliipata mwezi wa nne tangu nianze kuomba. Hapo katikati nilikula kwa watu wa hapahapa mjini. Kuna nyumba ya wageni inapokea wazungu wanaopita kwenda Ruaha. Siku moja nakunywa chai pale, nasoma menyu yao ya Kiingereza, nikakuta wanauza dubu wa baridi. Walikosea herufi moja, "beer" ikawa "bear". Nikamwonyesha meneja, akacheka mpaka akakaa. Akanipa menyu nzima niipitie, na karatasi ya masharti ya vyumba ambayo ilikuwa mbaya kuliko menyu. Nilipata 40,000 na wali kuku, siku ileile. Dola ya kwanza ilikuja miezi miwili baadaye.

---

Mama Fotokopi — 12 Juni, saa 12:20 asubuhi

Mwalimu, ugonile. Nimekusoma mara mbili. Mara ya pili nimecheka pale kwenye vocha, unisamehe.

Mimi nina steshenari hapa Uyole, jirani na pale njia ya Tukuyu inapoachana na ya Iringa. Fotokopi, printa mbili, laminesheni, picha za paspoti. Mwaka wa 11 huu. Uandishi sijausomea, shule niliishia kidato cha nne. Lakini siku hizi nusu ya pesa ya duka hili inatoka kwenye kuandika, na ilianza kwa bahati mbaya.

Ilikuwa mwezi kama huu, baridi ya kupuliza vidole. Waliingia akina mama watatu wa Isyonje wanaonunua na kuuza viazi. Wanataka kopi tatu za andiko lao la mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Nikalaza karatasi kwenye kioo, nikaona imejaa wino mwekundu. Kwenye maelezo ya mradi wameandika mstari mmoja: "Kikundi kitanunua viazi na kuuza." Pembeni afisa kaandika "Fafanua". Kwenye soko wameandika: "Soko lipo." Pembeni: "Wapi?" Yaani wamerudishiwa, na wao wanataka kopi tatu za karatasi ileile iliyorudishwa, wakadhani shida ni idadi.

Nikauliza, jamani, gunia mnalichukua shambani shilingi ngapi? Wakajibu wote watatu kwa pamoja. Wanajua bei ya gunia la kawaida na bei ya lumbesa, wanajua Fuso inabeba magunia mangapi, dalali wa Dar anakula kiasi gani, na viazi vya mwezi gani vinaozea njiani kwa sababu vimechimbwa na unyevu. Mmoja alikuwa na bei za miaka mitatu kichwani, za kila mwezi. Hakuna hata moja lililokuwa kwenye karatasi, kwa sababu hakuna aliyewauliza kwa mdomo. Nikazima mashine nikakaa kwenye kompyuta. Wao wanasema, mimi naandika, wateja wengine wamenuna mlangoni. Zikatoka kurasa nne. Niliwatoza 15,000 na kesho yake wakaniletea debe la viazi. Baada ya wiki mbili likaja kundi jingine, limetumwa na wao.

Ndiyo nikaanza kuangalia karatasi za watu. Ukikaa na mashine ya fotokopi unaona nani kakwama. Mtu aliyerudishiwa katiba ya kikundi, mwenye shule ya awali ambaye fomu yake ya kujiunga ina makosa mpaka kwenye jina la shule, mwenyekiti wa jubilei ya kanisa aliyepewa wiki moja atoe kijitabu. Hawa hawamtafuti mwandishi, na hilo neno wala hawalijui. Wanatafuta mtu wa kuwaondolea ule wino mwekundu, tena leo, maana kesho wanatakiwa dirishani. Bei hawabishani sana.

Wewe tangazo lako linasema uandishi wa aina zote. Mama wa viazi akisoma hivyo anapita. Angesoma "Karatasi yako imerudishwa? Niletee", angesimama.

Kwa hiyo leo asubuhi, usingoje Jumatatu, nenda steshenari tatu zilizo karibu na ofisi za halmashauri. Mahakamani usiende, viapo na hati ni kazi ya mawakili na wana haki yao. Mwambie mwenye duka hivi: mtu akija na karatasi imerudishwa, nipigie, nafika ndani ya nusu saa. Kuchapa na kutoa kopi ni zako, na mimi nakuachia 3,000 juu. Usimwachie kadi. Mwachie karatasi mbili zilizobanwa pamoja, ya kwanza mbaya, ya pili ileile ukiwa umeitengeneza, yenye namba yako chini. Mwenye duka mwenyewe atawaonyesha watu, maana anachoka kuulizwa.

Nikuonye mambo niliyolipia ada. Mwanzoni mwa 2023 vijana wa bodaboda walinibembeleza niwaandikie kurasa sita, nitalipwa mkopo ukitoka. Mwaka huohuo mikopo ikasimamishwa. Iliporudi 2024 kikundi kilishasambaratika, mwenyekiti yupo Tunduma. 20,000 yangu ipo kwake mpaka leo. Chukua kianzio nusu kabla hujawasha laptop. Fundi cherehani anachukua, fundi geti anachukua, wote wanaokuja kwako wanakijua kianzio. Wakikuomba wenyewe wakulipe asilimia ya mkopo, kataa. Mkopo ule hauna riba, ukichukua asilimia, riba ni wewe. Na usiwatungie namba. Afisa maendeleo ya jamii anakuja kuangalia kwa macho, akiuliza kuku 200 wako wapi umewaponza watu.

Wanafunzi wa vyuo watakujia na utafiti. Kurekebisha lugha, kupanga marejeo, chukua. Kumwandikia kuanzia mwanzo, kataa. Sisemi hivyo kwa utakatifu. Siku akibanwa na maswali atakutaja jina.

Na Nanenane hiyo inakuja. Viwanja vya John Mwakangale vipo hapa kwetu. Wiki ya mwisho ya Julai duka langu linakuwa kama stendi, kila mtu anataka kipeperushi na anakitaka jana. Wenye akili wanaandaa sasa. Wauza mashine za kutotolesha vifaranga, pembejeo, asali, miche. Wengi watakuja na cha mwaka jana, namba ya simu imefutwa kwa kalamu. Anzia kwenye hiyo namba iliyofutwa.

Nafungua duka sasa. Ukikwama, uliza.

---

Mwalimu wa Nzovwe — 12 Juni, saa 1:45 asubuhi

Mama, ni mimi wa kukuamkia kwanza, shikamoo. Nimeiandika yote kwenye daftari.

Maswali mawili. Bei naipangaje? Mimi nilizoea kwa maneno, na kule Dar niliahidiwa 3,000 kwa maneno 700. Na la pili, mtanicheka, darasani nasimama mbele ya watoto 60 bila shida, lakini kuingia dukani kwa mtu mzima na kumwambia karatasi yako ina makosa, naona aibu hata kufika mlangoni.

---

Miche Njombe — 12 Juni, saa 3:18 asubuhi

Ngoja niongee kama mlipaji. Nipo Njombe, nina kitalu cha miche ya parachichi, Hass ya kubebesha. Kila mwezi napokea meseji mbili tatu: "Mimi ni mwandishi mbunifu mwenye uzoefu, naomba ushirikiano." Nafuta. Nina miche inakauka, ushirikiano wa nini?

Mwaka jana alikuja binti kuchukua miche kumi ya baba yake. Nikampa karatasi ya maelekezo ninayowapa wote, kurasa mbili, niliiandika mwenyewe usiku nikiwa nimechoka. Kesho yake akanitumia WhatsApp ukurasa mmoja. Sasa, kosa wanalofanya wateja wangu kila mwaka ni kufukia pale kikonyo kilipounganishwa na shina. Pakikaa chini ya udongo panaoza, mche unakufa, mtu ananipigia kunitukana. Mimi hilo nililiweka mstari wa mwisho, ukurasa wa pili. Yeye kaliweka juu kabisa kwa herufi kubwa: USIFUKIE KIDONDA. Chini yake kachora mche kwa kalamu, vibaya tu, na mshale.

Nilimpigia mimi. Nikampa 50,000 kwa ile, na baadaye akaniandalia ya mbolea na ya kumwagilia. Sijui kama ana cheti, sikuuliza.

Usinitumie chochote lakini, ninaye tayari.

---

Mama Fotokopi — 12 Juni, saa 7:50 mchana

Huyo wa Njombe kanimalizia maneno. Ukienda kwa mtu, nenda na karatasi yake, usiende na sifa zako.

Bei. Usimtajie mtu maneno. Mtu wa Igurusi mwenye mashine ya mpunga hajui maneno 700 ni kiasi gani, na akijua ataona unamuuzia hewa. Taja kitu na siku: andiko pamoja na katiba 25,000, keshokutwa saa nne unachukua. Barua 3,000 hadi 5,000, anasubiri kwenye benchi. Kipeperushi anzia 30,000, na anayeuza mashine ya laki nane mtajie 60,000 bila kupepesa, kwake ni bei ya mafuta ya pikipiki kwa mwezi. Akipunguza, na wewe punguza kazi. "Sawa, 40,000, lakini upande mmoja." Ukishusha bei bila kushusha kazi, atajua ulikuwa unamwibia.

Ofisi kubwa ziache kwanza. Si mbaya, ila watakuuliza TIN, watakuuliza risiti ya EFD, watakata kodi ya zuio asilimia 5, halafu mhasibu yupo safari. TIN kachukue tu, ni bure na utaihitaji. Kodi ya chumba haitatoka huko mwezi huu.

Yule wa Dar mwandikie meseji moja ya mwisho. Idadi ya makala, jumla ya pesa, na tarehe. Usimtukane. Kisha mwache. Siku 23 ulizobakiza usizitumie kumfukuza mtu wa 180,000 ambaye hana nia.

Aibu nayo ina dawa yake, nayo ni saa. Ukienda saa mbili wanafagia, ukienda saa nane wana wateja, wote watakufukuza na utadhani umekataliwa wewe. Nenda saa nne, nne na nusu. Nunua kitu kidogo. Ukiwa unasubiri chenji, soma tangazo lao kwa sauti kama unalisoma tu. Watu wengi hawajawahi kusikia tangazo lao likisomwa. Utamwona mwenyewe anavyokunja uso.

---

Kamwene — 12 Juni, saa 8:30 mchana

Hiyo ya kusoma kwa sauti naiiba.

---

Mwalimu wa Nzovwe — 3 Julai, saa 3:00 usiku

MREJESHO, kama nilivyoahidi moyoni hata kama sikuandika.

Siku ya kwanza nilienda sehemu tano Mwanjelwa na Soweto, sikupata kitu. Mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi aliniona na faili mkononi akadhani ni mtu wa TRA, akaanza kuteremsha geti nikiwa nusu ndani. Jioni nikaliweka faili kwenye mfuko wa rambo. Tangu hapo watu wananisikiliza.

Steshenari ya pili niliyoacha zile karatasi mbili ilinipigia siku ya tatu. Kikundi cha akina mama wa ufugaji wa kuku, katiba imerudishwa kwa sababu haina kifungu cha mwanachama kujitoa. Nikawauliza, mtu akijitoa mnafanyaje? Wakaanza kugombana hapohapo, kumbe kuna mwenzao alijitoa Machi na anadai hisa zake. Nilikaa nao saa tatu. Walipokubaliana ndipo nikaandika. 25,000 yote nimeipata, na 3,000 ya mwenye duka nikaitoa siku hiyohiyo.

Kituo cha kulea watoto, kipeperushi, 30,000. Hapo nilisoma kwa sauti kama Mama alivyosema. Tangazo lao lilisema "tunapokea watoto wa miaka miwili kwa bei ya jumla". Dada mwenye kituo akanishika mkono akasema usirudie, nenda kaandike.

Mwanafunzi mmoja, nimehariri lugha ya ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, 40,000. Aliomba nimwandikie sura ya mwisho, nikakataa, akanuna, akalipa.

Mashine za vifaranga, kwa ajili ya Nanenane, 60,000. Nilitaja bila kupepesa, ila mkono ulikuwa mfukoni unatetemeka. Amenipa kianzio 30,000, nyingine tarehe 15.

Na moja sikuitafuta. Msiba wa jirani. Saa nne usiku wananigongea, mwalimu, tuandikie wasifu wa marehemu, mazishi kesho. Kitambulisho kinasema kazaliwa 1969. Baba yake mdogo akakataa katakata, akasema alizaliwa Wachina wameshafika kujenga reli, maana mama yake alikuwa anawauzia ndizi mtoto akiwa mgongoni. Ujenzi wa TAZARA ulianza 1970. Shangazi akasema basi wewe unaijua reli kuliko serikali? Walibishana hadi saa sita usiku na marehemu yupo ndani. Mwisho niliandika "alizaliwa siku zile reli ya TAZARA inaanza kujengwa", mwaka sikuuweka. Makaburini iliposomwa, baba mdogo aliitikia kwa kichwa, shangazi naye. Sikutaja bei. Wakaniletea bahasha ya 20,000, na kwenye matanga watu wawili wamechukua namba yangu.

Jumla iliyoingia ni 145,000. Sikufika 270,000. Jana nilimfuata mama mwenye nyumba mapema, saa nne asubuhi, nikamwekea 135,000 mezani, ya miezi mitatu. Akazihesabu mara mbili, akaniambia ataandika risiti baadaye kwa kuwa hana kitabu. Nikamwandikia mimi. Akaisoma, akauliza kama naweza kumwandikia na mkataba wa wapangaji wengine, kwa sababu wa chumba cha mwisho anamsumbua. Bei bado tunavutana, anataka ikatwe kwenye kodi.

Wa Dar alisoma meseji ya mwisho. Tiki za bluu.

Mama Fotokopi, Jumamosi nakuja Uyole, nina kipeperushi cha kuchapa kopi 300, nataka niujue huo mlango walikonunia watu.

---

Mama Fotokopi — 4 Julai, saa 12:15 asubuhi

Njoo kabla ya saa tatu, baada ya hapo printa ni ya watu wa Nanenane. Kopi 300 leta kianzio.

---

Mtoto wa Sokomatola — 4 Julai, saa 1:02 asubuhi

Hongera mkuu. Lakini umeandika kote huko na hukujibu. Mume alirudi?

---

Mwalimu wa Nzovwe — 4 Julai, saa 1:20 asubuhi

Bado. Ila barua aliisoma, na juzi kanipigia yeye. Anatafuta mtu wa kumwandikia majibu. Nimemwambia 5,000, nusu kianzio.